Shajara ya makopo 40: kuhesabu siku za kiwavijeshi vamizi

24 Machi

Mahindi ya shamba la kikundi yana siku 16 tangu yapandwe, na leo nimemaliza kupanga makopo 40 ya plastiki kwenye rafu ya chumba cha nyuma, upande usiopigwa na jua. Kila mfuniko nimeutoboa tundu pana na kuliziba kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, ili hewa ipite na mdudu asipite. Chini ya kila kopo kuna karatasi laini ya kunyonya unyevu. Kipimajoto nimekitundika usawa wa rafu ya kati. Nitakisoma saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 2 usiku, kila siku bila kuruka, kwa sababu bila joto hesabu yote ya mradi huu haina msingi.

Mradi umezaliwa na kauli ya mama mmoja wa kikundi chetu hapa chini ya Milima ya Uluguru, upande wa Mvomero. Mwaka jana, tulipokuwa tumesimama kwenye mahindi yaliyotafunwa hadi moyo, aliniambia, "Mwalimu, hawa viwavi huja na mvua. Jumapili nilipita hapa shamba safi, Ijumaa majani yote matundu." Sikumbishia, kwa maana alichokiona ni kweli: uharibifu hujitokeza ghafla. Lakini kila kiwavi aliyekuwa ndani ya moyo wa mhindi siku ile ya Ijumaa alikuwa shambani tangu Jumapili na kabla yake, akiwa mdogo kuliko punje ya mtama. Nataka kujua kwa hakika alikuwapo kwa siku ngapi kabla hatujamwona, kwa joto la hapa kwetu.

Mdudu mwenyewe ni kiwavijeshi vamizi, ambaye kwa jina la kisayansi ni Spodoptera frugiperda. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika. Aliripotiwa kwa mara ya kwanza Afrika Magharibi na ya Kati mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 alikuwa amethibitishwa Kenya na Tanzania. Asichanganywe na kiwavijeshi wetu wa zamani, Spodoptera exempta, ambaye wazee wanamfahamu kwa kutembea kwa makundi meusi yanayomaliza nyasi na nafaka changa, kisha yakatoweka. Huyu mvamizi hahitaji kundi. Hukaa ndani ya mhindi, mmoja mmoja, na haondoki.

29 Machi

Tumepata mayai. Tulitembea mistari 20 ya mahindi kuanzia saa 12 na nusu asubuhi, tukigeuza jani moja baada ya jingine, na vichane 3 vimepatikana, viwili chini ya jani na kimoja karibu na shina. Nimevipa alama A, B na C.

Kwa macho matupu, kichane cha mayai kinafanana na doa la ukungu lenye upana wa ukucha wa kidole kidogo. Ukungu ule ni manyoya: nondo jike anapomaliza kutaga huyafunika mayai kwa magamba yanayotoka kwenye fumbatio lake mwenyewe. Nilipouondoa utando huo kwa ncha ya brashi na kuangalia kwa lenzi, niliona mayai ya duara yaliyobonyea kidogo, rangi ya malai, yakiwa yamepangwa kwa tabaka mbili na mahali pengine tatu, kila moja likiwa na mistari myembamba inayoteremka kutoka kileleni kama kata za chungwa lililomenywa. Katika kichane A nimehesabu mayai 143. Jike mmoja hutaga vichane vingi vya namna hii, na kwa maisha yake mafupi anaweza kufikisha mayai 1,500 na zaidi.

Hapa kuna upungufu ambao lazima niuandike mapema. Mayai haya yametagwa usiku, lakini sikuwapo yalipotagwa. Huenda ni ya usiku wa kuamkia leo, huenda ni ya juzi. Kwa hiyo kizazi hiki cha kwanza kitanipa siku za kiwavi na siku za pupa (hatua ya kujifungia ardhini kabla ya kuwa nondo) kwa uhakika, ila siku za yai nitazipata tu kutoka kizazi cha pili, kitakachotagwa humu ndani mbele ya macho yangu.

1 Aprili

Kichane A na kichane C vimeanguliwa kati ya saa 11 alfajiri na saa 2 asubuhi. Jana jioni mayai yalikuwa yamegeuka rangi, na katika kila moja ilionekana nukta nyeusi: kichwa cha kiwavi kilichokuwa tayari kikisubiri. Kiwavi huanza kwa kutafuna ganda la yai lake, nao waliotoka mapema waliendelea kula maganda hadi yakaisha. Kisha wakatawanyika. Nilipoinua jani, saba kati yao walijiachia na kubaki wananing'inia kwenye nyuzi za hariri zisizoonekana mpaka ukiziweka mbele ya dirisha. Pumzi yangu peke yake iliwasukuma upande. Shambani upepo huwabeba hivyohivyo kutoka mhindi mmoja hadi mwingine, ndiyo maana kichane kimoja cha mayai huweza kuharibu mistari kadhaa na si shina moja tu.

Urefu wao leo ni chini ya milimita 2. Nimewagawa kwa brashi yenye unyevu, wawili kwa kopo, na kuwapa vipande vya jani changa.

Kichane B hakijaanguliwa. Mayai yake yote yamekuwa meusi tititi, si nukta ya kichwa tu. Nilikaribia kukitupa, lakini nimekiacha kwenye kopo lake la peke yake, namba 40.

4 Aprili

Kujivua ngozi kwa mara ya kwanza. Mwili wa mdudu hauna mifupa ndani. Unabebwa na gamba la nje lenye kitini, na gamba hilo halitanuki zaidi ya kiasi. Mdudu akishalijaza, hulegeza kula, hutulia, hutengeneza gamba jipya laini chini ya lile la zamani, kisha lile la zamani hupasuka naye akatoka. Homoni iitwayo ekidisoni ndiyo inayotoa amri ya kujivua. Homoni nyingine, ambayo wataalamu huiita homoni ya ujana, huamua atakayetoka atakuwa nani. Ikiwa nyingi, atatoka kiwavi mkubwa zaidi. Ikipungua, safari ya kuwa nondo huanza.

Kiwavi wa kopo namba 11 nilimkuta katikati ya kazi hiyo saa 3 usiku. Alikuwa amejishikiza kwenye jani kwa nyuzi chache, ngozi ya kichwa cha zamani imesukumwa mbele ya mdomo kama kofia inayovuka, na nyuma yake kichwa kipya, cheupe kidogo na kikubwa kuliko mwili, kilikuwa kinachomoza. Alijisukuma kwa mawimbi kutoka mkiani kuelekea mbele. Kwa dakika 6 hivi akawa ametoka, akabaki bila kutikisika hadi kichwa kilipoiva rangi.

Kofia zile za vichwa ndizo ninazozikusanya kwenye bahasha ndogo, kila moja ikiwa na namba ya kopo na tarehe. Kichwa cha kiwavi hakikui kati ya kujivua mara moja na nyingine. Hukua kwa kuruka, siku ya kujivua tu. Mwaka 1890 Harrison Dyar wa Marekani alionyesha kwamba upana wa kichwa cha kiwavi huongezeka kwa uwiano unaokaribia kuwa uleule katika kila hatua, kwa hiyo anayepima vichwa anaweza kujua kiwavi yuko hatua ya ngapi hata kama hakumwona akizaliwa. Nimeazima hadubini yenye rula ndani ya lenzi ya jicho kwa ajili ya kazi hii.

7 Aprili

Majani ya shambani yana vidirisha. Kiwavi wa hatua ya kwanza na ya pili hana meno ya kukata jani zima. Hukwangua upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba ya upande wa pili, ambayo mwanga hupita kama kupitia karatasi iliyolowa mafuta. Nimewaita wanakikundi waje kuviona, kwa kuwa hiki ndicho walichokuwa wakikipita kila msimu bila kukitilia maanani. Mama yule alilishika jani, akaliinua kuelekea jua, akasema, "Hivi nilidhani ni ukosefu wa mbolea." Tulihesabu pamoja vidirisha kwenye miche 30, miche 9 ilikuwa navyo.

Mwanafunzi mmoja aliyefuatana na mama yake aliniuliza swali zuri kuliko yote ya siku: ikiwa mdudu ana miguu 6, mbona kiwavi huyu ana miguu 16? Nilimpa lenzi ahesabu upya. Jozi 3 za mbele, zilizo kwenye kifua, zina viungo na kucha, nazo ndizo miguu ya kweli ambayo nondo atabaki nayo. Jozi 5 za nyuma ni vikonyo vya nyama vyenye vikulabu vidogo chini, vya kushikia jani tu, na vitapotea kabisa ndani ya pupa. Akaona pia vitundu vilivyopangwa ubavuni, kimoja kwa karibu kila pingili: hivyo ni vya kupumulia, maana mdudu hana mapafu, na hewa hupita kwenye mirija inayogawanyika hadi kwenye kila sehemu ya mwili.

9 Aprili

Kopo namba 40 limenifundisha subira. Leo asubuhi kulikuwa na wadudu weusi wasiofika milimita 1 wakitembea juu ya mayai ya kichane B, nami kwa mara ya kwanza nilidhani ni vumbi. Kwa hadubini nimeona mabawa 4 yenye uwazi na vipapasio vilivyopinda. Ni nyigu wa mayai, wale ambao jike wao hupenyeza yai lake ndani ya yai la nondo, na mtoto wake hula kilichomo na kukulia humo hadi kutoboa. Kila yai jeusi lina tundu moja la duara. Hakuna kiwavi hata mmoja aliyetoka katika kichane hicho.

Maana yake ni kwamba adui wa adui yetu yuko shambani mwetu tayari, bila kununuliwa. Nyigu huyu naye ni mdudu kamili, mwenye yai, buu, pupa na nyigu mpevu, ila maisha yake yote ya utotoni yamo ndani ya kitu kidogo kuliko kichwa cha pini. Nimelipeleka kopo shambani jioni na kulifungua katikati ya mahindi. Tukipata vichane vingine vyeusi hatutaviponda.

10 Aprili

Hasara, na kosa ni langu. Makopo yalikuwa hayatoshi, nikawaacha viwavi 12 pamoja kwenye kopo kubwa nikitegemea kuwatenganisha jana, na jana nikasafiri. Leo wamebaki 4. Hakuna maiti, ila vichwa 5 vitupu chini ya karatasi. Kuanzia hatua ya tatu hivi, viwavi hawa hulana, na jani jingi ulilowawekea haliwazuii. Ndiyo sababu shambani, ingawa kichane kimoja kina mayai mia na zaidi, ukipasua mhindi uliokwisha haribiwa mara nyingi unakuta kiwavi mmoja mkubwa au wawili.

Kila aliyebaki sasa yuko peke yake. Jumla ni viwavi 33.

13 Aprili

Vipimo vya vichwa, kwa wastani wa viwavi niliopata kofia zao zote: hatua ya kwanza milimita 0.35, ya pili 0.48, ya tatu 0.75, ya nne 1.2, ya tano 1.8. Wengi wamejivua leo na kuingia hatua ya sita, ya mwisho, vichwa vikiwa na milimita 2.6. Kila hatua ni karibu mara moja na nusu ya iliyotangulia, sawasawa na alivyoonyesha Dyar. Sasa alama ya herufi Y iliyopinduliwa inasomeka usoni bila lenzi, na kwenye pingili ya pili kutoka mkiani nukta 4 nyeusi zimekaa kama pembe za mraba. Kwa alama hizi mbili mkulima hawezi kumchanganya na bungua wa mabua.

Kwa hiyo hesabu ya sehemu hii ni kama ifuatavyo: tangu kuanguliwa hadi kumaliza hatua ya nne zimepita siku 9 hadi 10. Katika siku hizo kiwavi ni mdogo, yuko wazi au karibu na wazi, na jivu, mchanga au dawa inayomwagwa kwenye moyo wa mhindi inamfikia. Baada ya hapo hujichimbia ndani na kuziba njia kwa kinyesi chake mwenyewe, kile kinachofanana na vumbi la mbao lililolowa, na kila tunachomwaga hukaa juu ya kizibo hicho. Miaka yote tumekuwa tukipiga dawa tunapoona kizibo.

16 Aprili

Sina la kuandika leo isipokuwa ulaji. Kiwavi wa hatua ya kwanza alitosheka siku nzima na kipande cha jani cha ukubwa wa ukucha. Namba 11 leo amemaliza sentimita 28 za jani pana kati ya saa 12 jioni na saa 12 asubuhi. Katika maisha yote ya kiwavi, zaidi ya robo tatu ya chakula huliwa katika hatua hii ya mwisho, na hapa ndipo linapopatikana jibu la Jumapili na Ijumaa: shamba halikuvamiwa katika siku tano zile, bali viwavi waliokuwamo waliingia hatua ya sita.

Viwavi 6 wamekufa kwa kula majani niliyochukua kwenye shamba lililokuwa limepigwa dawa bila mimi kuuliza. Wamebaki 27. Kuanzia leo majani yanatoka kwenye kijishamba changu cha nyuma ya nyumba peke yake.

18 Aprili

Jana na leo viwavi 19 wameacha kula. Wanazunguka kopo bila kutulia, wamefupika, na rangi imefifia. Nimewawekea udongo wenye unyevu wa sentimita 8. Namba 11 aliingia saa 4 usiku kwa kichwa, akaziba nyuma yake.

Mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuoni, ambaye sasa yuko Njombe, anafanya kazi hiihii kwa mayai aliyoyapata 27 Machi kwenye mahindi ya bustani ya kumwagilia. Tumekubaliana kutumiana vipimo kila Ijumaa. Wastani wa joto la chumba chake ni nyuzi 19. Wangu ni 25. Mayai yake yalianguliwa 2 Aprili, siku 6 baada ya kuyachuma, na leo viwavi wake wengi wako hatua ya nne, wakati wangu wanaingia ardhini. Viwavi wake walizaliwa siku moja tu baada ya wangu.

20 Aprili

Nimefukua makopo 3 ili kuangalia. Pupa walikuwa kwenye kina cha sentimita 3 hadi 4, kila mmoja ndani ya chumba cha udongo uliogandamizwa na kushikizwa kwa hariri. Aliyetoka kujivua alikuwa wa kijani hafifu, laini kiasi kwamba brashi iliacha alama. Kufikia jioni alikuwa wa rangi ya kahawia yenye wekundu, mgumu, urefu wa milimita 15. Kwa lenzi, sehemu ya mbele inaonyesha tayari ramani ya nondo: macho, vipapasio vilivyolazwa, mabawa yaliyokunjwa kifuani. Jinsia pia inasomeka. Tundu la uzazi la jike liko kwenye pingili ya 8 ya fumbatio, na la dume kwenye ya 9, karibu zaidi na tundu la haja. Kati ya 3 niliowafukua, 2 ni majike.

Watu huita hatua hii usingizi, nami siipendi lugha hiyo. Humo ndani, tishu nyingi za kiwavi, misuli yake na vikonyo vyake vyote, zinavunjwavunjwa na kuwa malighafi, na vifungu vidogo vya chembe hai ambavyo kiwavi alivibeba bila kuvitumia vinakua na kuwa mabawa, macho na miguu mirefu. Mdomo wa kukatia majani unaondoka na unakuja mrija wa kufyonzea. Ni ujenzi mzito, unaofanyika bila kula.

23 Aprili

Wakati pupa wakisubiriwa, nimewaletea wanakikundi tunutu 5 niliowakamata kwenye nyasi za ukingo wa mfereji, ili tulinganishe. Tunutu ni mtoto wa panzi au nzige, na ukimwangalia unamwona panzi: kichwa kilekile, miguu ya kurukia ileile, chakula kilekile. Kinachokosekana ni mabawa, ambayo yako mgongoni kama vijani viwili vilivyofungwa na huongezeka kila anapojivua. Hakuna pupa. Haya ndiyo mabadiliko yasiyo kamili, nayo ndiyo ya mende, kunguni, mchwa na vunjajungu. Ya kamili, yenye hatua 4, ni ya nondo, vipepeo, mbawakawa, nyuki, siafu, nzi na mbu.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Tunutu na mzazi wake hula shamba moja, hivyo anayepambana na nzige wekundu kwenye nyanda za Rukwa au Wembere huwawahi wakiwa tunutu wasioruka mbali, lakini anapambana na adui yuleyule aliye katika umri mdogo. Kiwavi na nondo wamegawana kazi kabisa: mmoja hula na kukua, mwingine huruka, hupandana na kutaga, na hawagombei chakula. Mkulima anayemwona nondo wa kijivu ukutani karibu na taa hana sababu ya kumhusisha na kizibo cha kinyesi kwenye mhindi wake, mpaka amewalea wote wawili kwenye kopo moja.

30 Aprili

Nondo wa kwanza, namba 11, dume, saa 2 na dakika 20 usiku. Alitoka udongoni akiwa na mabawa yaliyokunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, akapanda ukuta wa kopo, akaning'inia. Kwa muda wa dakika 15 hivi mabawa yalijazwa kutoka mizizini kwa majimaji ya mwili hadi yakanyooka, kisha akabaki ameyashikilia wima yakikauka. Kwenye karatasi aliacha tone la rangi ya kahawia, ambalo ni taka zote za kipindi cha pupa. Bawa lake la mbele lina doa jeupe karibu na ncha. Jike aliyetoka baada yake ni wa kijivu na kahawia tu, bila doa.

Kutoka kuchumwa yai hadi nondo: siku 32. Pupa peke yake: siku 11.

5 Mei

Nondo 14 walitoka kati ya 30 Aprili na 2 Mei, nami nikawaweka kwenye tundu la chandarua lenye miche 2 ya mahindi na pamba iliyolowekwa maji ya asali. Mchana wamejificha kwenye mikunjo ya majani bila kutikisika. Usiku wa kuamkia leo, kati ya saa 4 na saa 7, majike 2 yametaga. Vichane 3 viko chini ya majani na kimoja, kwa mshangao wangu, kwenye chandarua chenyewe. Niliukaa usiku huo macho kwa ajili ya tarehe hii moja. Sasa siku ya yai ina mwanzo unaojulikana.

8 Mei

Vichane vyote 4 vimeanguliwa alfajiri, siku 3 baada ya kutagwa. Kwa joto la hapa, basi: yai siku 3, kiwavi 17 hadi 18, pupa 11 hadi 12, na jike huanza kutaga siku ya 3 au ya 4 baada ya kutoka. Kizazi huzaa kizazi kwa takribani siku 36. Mahindi yetu hukaa shambani zaidi ya siku 100.

Nimewaandikia wanakikundi utaratibu mpya kwa msingi huo. Ukaguzi ni mara 2 kwa wiki kuanzia mche unapochomoza, si mara moja, kwa kuwa yai la siku 3 linaweza kutagwa na kuanguliwa kati ya Jumapili mbili bila mtu kuliona. Vichane vya rangi ya malai vinapondwa kwa vidole palepale, vyeusi tititi vinaachwa. Vidirisha vikionekana, jivu au mchanga mkavu unamwagwa kwenye moyo wa mhindi siku hiyohiyo. Baada ya kuvuna, udongo unageuzwa kabla jua halijapungua ukali, kwa sababu pupa wako kwenye sentimita 3 au 4 tu, ambapo jembe la mkono linawafikia na kuku wanamalizia.

31 Mei

Ujumbe wa Njombe umefika: nondo wake wa kwanza alitoka juzi usiku, 29 Mei, siku 63 tangu mayai yachumwe. Viwavi wake walikula kwa siku 31 hivi, na pupa walikaa zaidi ya siku 25.

Nimeziweka hesabu zetu mbili mezani. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2020 uliwalea viwavi hawa kwenye joto lisilobadilika, ukapata takribani siku 71 kutoka yai hadi nondo kwa nyuzi 18 na siku 20 kwa nyuzi 32, na ukaonyesha kwamba chini ya nyuzi 12.5 hivi ukuaji husimama, na kwamba nyuzi za kila siku zilizo juu ya hapo hujumlishwa, hadi zitimie karibu 390 ndipo nondo atoke. Nyuzi zangu 25 ukitoa 12.5 zinabaki 12.5 kwa siku, na ukizidisha kwa siku 33, nikiongeza siku moja ya yai nisiyoiona, zinafika 412. Za Njombe ni 6.5 kwa siku, mara 63, nazo ni 410. Vipimajoto vyetu ni vya dukani na vyumba vyetu havidhibitiwi, lakini tofauti ya siku 30 kati ya sehemu hizi mbili imejieleza yenyewe: mdudu ni yuleyule, naye hahesabu siku, anahesabu joto. Ratiba niliyowapa watu wa hapa isinakiliwe Njombe. Huko zile siku 10 ambazo kiwavi bado anafikika zinakaribia kuwa siku 20, na ukaguzi mmoja kwa wiki unaweza kutosha.

Kizazi changu cha pili kiko ardhini tangu 26 Mei, pupa 21. Wastani wa joto umeshuka hadi nyuzi 24 tangu masika yaishe, kwa hiyo nawategemea nondo kati ya 7 na 9 Juni. Kati ya miche 200 tuliyoikagua leo na wanakikundi, 11 ina vizibo vya kinyesi. Mwaka jana tarehe kama hizi hatukuhesabu, kwa hiyo namba hii haina ya kulinganishwa nayo. Vichane 5 vya mayai vimepatikana, na 2 kati yake ni vyeusi. Mama yule ndiye aliyeviona kwanza. Amevifunga mahali pake kwa uzi mwekundu kwenye shina, ili mpalizi asivikanyage.